Mwanafunzi huna kazi na unataka kukopa: serikali, chuo, benki, ndugu, kikundi au apu?

Kuna ile sehemu kwenye fomu ya mkopo imeandikwa "Mwajiri", alafu chini yake "Mshahara kwa mwezi". Mwanafunzi akifika hapo kalamu inasimama. Mimi ilinisimama, nikamwangalia dada wa dirishani, akaniambia kwa upole tu kwamba hapo pakibaki wazi fomu haiendi popote. Nikaikunja nikaondoka. Njia nzima kichwani nina swali moja tu, nani atanikopesha, na kwa sababu nilikuwa na hilo moja, wa kwanza kusema ndiyo ndo nilimchukua, na wa kwanza kusema ndiyo ilikuwa apu kwenye simu. Nililipa deni lile kwa miezi mingi kuliko nilivyowahi kumwambia mtu nyumbani.

Ndo maana sa hivi wadogo zangu wakiniuliza wakope wapi naanza na swali jingine: hela ya kulipa itatoka wapi, na itaingia tarehe ngapi? Ukiwa na jibu, njia zenyewe zinaanza kujipanga, hii inafaa hii haifai. Ukiwa huna jibu kabisa, basi njia nyingi kati ya hizi nitakazotaja inabidi uziache hata kama wako tayari kukupa leo hii.

Nimezipima kwa nini

Mkopeshaji yeyote anataka kitu cha kushika. Mfanyakazi anashikwa kwa mshahara. Mwanafunzi hana mshahara, kwa hiyo atashikwa kwa kingine: mtu anayemdhamini, kitu chake cha thamani, cheti chake, jina lake mbele ya watu wanaomjua, au kipato ambacho bado hajaanza kukipata. Kila njia hapa chini inashika kitu tofauti, na ukishajua inashika nini umeshajua itakuumiza wapi ukichelewa.

Kwa hiyo kila moja nimeiuliza maswali yaleyale matano. Watakukubali kwa lipi, gharama yote ni ngapi, unaanza kulipa lini, ukikwama inakuwaje, na inamfaa nani.

Hapo kwenye gharama naomba tukae kidogo maana ndo panaumiza watu wengi. Ile asilimia iliyoandikwa kwa maandishi makubwa usiitegemee. Uliza hivi: mkononi inaingia ngapi, na mpaka deni liishe nitakuwa nimerudisha jumla ngapi, ada na makato yote ndani? Tofauti ya hizo namba mbili ndo gharama yako. Chukua mfano wa 10,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 20. Mkopeshaji wa kwanza anapiga asilimia 20 ya hiyo 10,000 yote kwa mwaka mzima, inakuwa 2,000, unarudisha 12,000, yaani 1,000 kila mwezi. Wa pili anapiga asilimia 20 hiyohiyo ila kwa deni linalopungua, kila mwezi anahesabu riba kwenye kilichobaki tu, huyu unampa kama 926 kwa mwezi na jumla inakuja 11,116 hivi. Tangazo la wote wawili linasema asilimia 20. Yule wa kwanza ukimpima kwa kipimo cha wa pili yuko kwenye asilimia 35 kwa mwaka, kwa sababu mpaka mwezi wa kumi na mbili bado anakutoza riba kwenye hela ambayo ulishamrudishia. Kwa hiyo uliza, riba ni ya deni lote au ya deni linalopungua? Anayejibu kwa kuzungukazunguka ameshakujibu.

1. Mkopo wa elimu wa serikali

*Watakukubali?* Hawa mshahara hawaulizi. Wanaangalia kama umedahiliwa, unasoma nini, na sehemu nyingi wanaangalia hali ya kipato ya familia. Wanachoshika ni kipato chako cha baadaye. Shida iko kwenye makaratasi na dirisha la maombi, likifungwa limefungwa. Na watu wanaangushwa na vitu vidogo sana, nimemuona mwenzangu jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja tofauti na la cheti cha shule, amekaa miezi anahangaikia kiapo wakati wenzake wameshapata. Fungua vyeti vyako leo uviweke pamoja uvisome herufi kwa herufi, hiyo kazi ni ya dakika tano.

*Gharama.* Kawaida riba yake ni ndogo kuliko ya soko. Ila uliza inaanza kuhesabiwa lini. Kuna mifumo ambayo riba haikugusi ukiwa bado unasoma, na kuna mingine inaanza kuhesabu siku hela inapotoka. Ukichukua 100,000 mwaka wa kwanza kwa riba ya asilimia 6 inayojumlishwa kwenye deni kila mwaka, miaka minne baadae unatoka na deni la zaidi ya 126,000 na hujakosea kitu chochote, umesoma tu.

*Kuanza kulipa.* Hapa ndo nguvu yake ilipo, unalipa baada ya kumaliza. Lakini "baada ya kumaliza" nako kuna aina mbili. Australia walianzisha mwaka 1989 utaratibu ambao unalipa kupitia kodi pale tu kipato chako kinapovuka kiwango fulani, chini ya hapo hudaiwi rejesho, na Uingereza nao wanaenda kwa kipato. Sehemu nyingine tarehe ikifika imefika, uwe una kazi au huna. Hizi ni ahadi mbili tofauti kabisa, ulizia ya kwako ni ipi kabla hujasaini.

*Ukikwama.* Serikali haina haraka lakini haisahau. Penalti inaongezeka kimyakimya, alafu siku umepata ajira unakuta makato yapo yanakusubiri. Kama hujapata kazi waandikie, mara nyingi kuna utaratibu wa kuahirisha ila hauji wenyewe, unaombwa.

*Inamfaa nani?* Mwenye ada na gharama za miaka kadhaa mbele. Mwenye shida ya wiki hii haimsaidii, itamkuta shida imeshapita.

2. Chuo chenyewe

Hii watu wanairuka, na inaniuma maana mara nyingi ndo ya bei nafuu kuliko zote.

*Watakukubali?* Vyuo vingi vina utaratibu wa kulipa ada kwa awamu, na vingine vina mfuko mdogo wa dharura kwa wanafunzi. Hawahitaji mwajiri wako kwa sababu wanashika kitu kikubwa zaidi, usajili wako, matokeo yako na cheti chako. *Gharama* kwenye awamu mara nyingi ni sifuri au ada ndogo ya kuchelewa. *Kuanza kulipa* ni ndani ya semista hiyohiyo, na hapo ndo ugumu wake. *Ukikwama* unaweza kuzuiwa kufanya mtihani au kuona matokeo, inauma, ila deni lenyewe halizai kila siku kama la apu.

Kinachobadilisha majibu ni namna unavyoenda. Ukienda siku ya mwisho unalia, ofisi ya fedha inakuona kama wale wengine mia walioko kwenye foleni. Jamaa mmoja tuliyesoma naye alienda wiki tatu kabla, ana barua ya ukurasa mmoja, ameandika kiasi gani anacho mkononi, kiasi gani kimebaki, na tarehe tatu za kulipa na kila tarehe hela inatoka kwa nani. Mhasibu aliisoma akabadilisha tarehe moja tu akagonga muhuri. Anza kwa mlezi wa wanafunzi kama mhasibu anakutisha, kazi yake ni hiyo.

*Inamfaa* ambaye hela ipo inakuja ila imechelewa. Ambaye haoni hela inatokea wapi ndani ya semista, awamu zitamsogeza tu mpaka mlango wa chumba cha mtihani.

3. Benki, ukiwa na mdhamini

*Watakukubali?* Wewe peke yako bila kipato, ni ngumu sana. Wakikubali ni kwa sababu ya mtu mwingine: mzazi, mlezi au ndugu mwenye kipato anayesaini pamoja nawe, au kuna mali au akiba imewekwa kama dhamana. Baadhi ya benki zina mkopo maalum wa elimu, na hela inaenda moja kwa moja chuoni.

*Gharama.* Ya kati. Juu ya riba kuna ada ya maombi, bima ya mkopo, wakati mwingine na adhabu ya kulipa kabla ya muda, zote ziulize kwa majina. Kwa uzuri wake, benki inakupa mkataba wa maandishi na jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi, hicho ni kitu cha kukaa nacho chini na kusoma.

*Kuanza kulipa.* Mara nyingi mwezi unaofuata. Wengine wanaruhusu ulipe riba peke yake ukiwa chuoni na deni lenyewe baadae. Sasa jiulize huo mwezi unaofuata analipa nani, maana we huna kipato. Analipa mdhamini. Kwa hiyo tuseme ukweli, huu mkopo ni wake, jina ndo lako, na mazungumzo nyumbani yanatakiwa yaanze hivyo.

*Ukikwama.* Nataka uielewe hii kabla hujampelekea mtu fomu. Mkataba mwingi wa udhamini unasema mnawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maana yake benki hailazimiki ikuhangaishe we kwanza mpaka uishe ndo imgeukie yeye, inaweza kumdai yeye deni lote, na rekodi yake ya mikopo inachafuka pamoja na yako. Siku mama yangu mdogo alipoombwa amsainie binamu yangu, alivaa miwani akasoma ukurasa wote wa pili taratibu, akaweka kidole kwenye huo mstari akauliza, "hapa wanasema na mimi?" Binamu yangu alikuwa hajausoma. Mama mdogo alisaini mwishowe, lakini baada ya wao wawili kupanga nani anatoa nini kila mwezi, na mpaka leo wanaongea vizuri. Najua familia nyingine ambayo huo mstari walikuja kuusoma benki ilipopiga simu.

*Inamfaa* mwenye mzazi au mlezi ambaye kipato chake cha sasa hivi kinabeba rejesho bila kuyumba, na anajua kabisa anabeba nini. Haimfai anayemwomba mtu saini kama vile ni shahidi tu.

4. Ndugu na marafiki

*Watakukubali?* Wanakujua, hiyo ndo dhamana. *Gharama* kwa hela ni ndogo au hamna kabisa. *Kuanza kulipa* mnakubaliana, na hapa ndo watu wanaharibu, kwa sababu hawakubaliani. Mtu anaomba, anapewa, wote wanaona aibu kutaja tarehe. Mkopaji anajiambia hajaniuliza basi hana shida nayo, mkopeshaji anajiambia ana akili zake atakumbuka. Miezi sita baadae mmoja anapita njia nyingine ili wasionane.

Taja tarehe we mwenyewe. Tuma meseji siku hiyohiyo: "Shikamoo anko, nashukuru sana, nimepokea 10,000 leo, nitarudisha 5,000 mwisho wa mwezi wa tatu na 5,000 mwisho wa mwezi wa tano." Haimvunjii mtu heshima, inampa. Na ukiona tarehe inakaribia na huna, ongea kabla haijafika, peleka hata robo.

*Ukikwama* hakuna rekodi inayochafuka popote, ila unapoteza mtu, na mtu huyo pengine ndo angekusaidia mwakani. Pia kuna uzito ambao hausemwi, anayekukopesha anaweza kuanza kuona ana haki ya kukuchagulia mambo, usome nini, uishi na nani, na kuna wadada wameombwa vitu vibaya na mtu aliyeanza kwa kusema "ni msaada tu". Ukihisi mkopo una mkono mwingine nyuma yake, rudisha hela hata kama imebaki nusu, na mwambie mtu mzima unayemwamini.

*Inamfaa* mwenye shida ndogo, ya muda mfupi, na ndugu ambaye hiyo hela ikichelewa hatalala njaa. *Haimfai* ambaye tayari anadaiwa na ndugu huyohuyo.

5. Kikundi au chama cha akiba na mikopo

*Watakukubali?* Wanaangalia akiba yako na watu wanaokujua humo ndani. Vingi vinakopesha mara mbili au mara tatu ya ulichoweka, na wanachama wenzako ndo wadhamini. Wazo hili la watu wasio na mali kukopeshwa kwa sababu wanajuana limepita mbali, Grameen Bank ya Bangladesh ilianza rasmi kama benki mwaka 1983 kwa kukopesha watu maskini bila dhamana kupitia vikundi, na mwaka 2006 benki hiyo na mwanzilishi wake Muhammad Yunus walipewa tuzo ya Nobel ya amani. Mwanafunzi wa kawaida anafaa humu kabisa, hata mkiwa kumi na mbili wa darasa moja mnaochanga kidogo kila wiki.

*Gharama.* Ndogo, na kwenye kikundi kinachogawana faida sehemu ya riba inakurudia mwisho wa mwaka. *Kuanza kulipa* mapema, mara nyingi mwezi unaofuata, na kwenye ile ya kupokezana zamu hukopi kabisa, ukipokea mapema unaendelea kuchanga mpaka wote wapate. *Ukikwama* akiba yako inakatwa, alafu wenzako wanalipa kilichobaki, na hao wenzako unakaa nao darasani. Nimeona kikundi kizuri kimekufa kwa sababu mtu mmoja alipokea zamu ya kwanza akaacha kuchanga, hata waliokuwa na hela wakasema kama yeye halipi na mimi silipi.

Ubaya wake kwa mwenye shida ya leo ni kwamba lazima uwe uliingia jana. Vingi vinataka uwe umeweka akiba miezi kadhaa kwanza.

*Inamfaa* mwenye hela ndogondogo zinazoingia mara kwa mara, ya matumizi au ya vibarua, na anayeona shida ya semista ijayo toka sasa hivi.

6. Apu za mikopo kwenye simu

Sitaki kuzisema vibaya tu kwa sababu mimi ziliniumiza, maana zipo zenye leseni zinazoeleza gharama vizuri na kuna watu zimewatoa usiku wa hospitali. Kwa hiyo tuzipime kama wengine.

*Watakukubali?* Kwa urahisi kuliko wote. Wanaangalia matumizi ya laini yako, miamala yako, mikopo midogo uliyolipa nyuma. Hawajali kama umeajiriwa. Na baadhi, hasa wasio na leseni, wanashika kitu ambacho hukukiona ukibonyeza "kubali": orodha ya namba zote kwenye simu yako.

*Gharama.* Hapa inabidi upige hesabu mwenyewe maana wanaitaja kwa siku au kwa mwezi ili ionekane ndogo. Umeomba 10,000. Wanakata ada 1,500 palepale, mkononi inaingia 8,500, baada ya siku 30 unarudisha 10,000. Umelipia 1,500 kwa kutumia 8,500, hiyo ni karibu asilimia 18 kwa mwezi mmoja, ukiipeleka kwa mwaka ni zaidi ya asilimia 200. Kwa mwezi mmoja, mara moja, kwa mtu mwenye hela inayokuja wiki ijayo, 1,500 inawezekana ni bei anayoweza kuibeba. Shida inaanza mwezi wa pili. Huna hela yote kwa hiyo unalisogeza deni mbele, au unachukua kwenye apu nyingine ulipe hii. Deni la 10,000 linalokua kwa asilimia 15 kila mwezi bila kuguswa linapita 20,000 mwezi wa tano, na likimaliza mwaka liko juu ya 53,000.

*Kuanza kulipa.* Siku 7, 14, 30. Mwanafunzi wa kusubiri posho ya semista hawezi kulingana na kalenda hiyo hata awe mwaminifu vipi, na hili nataka ulisikie kama umeshajilaumu sana, uaminifu wako haubadilishi tarehe ya posho.

*Ukikwama.* Wenye leseni watakupigia, watakutoza ya kuchelewa, watakupeleka kwenye rekodi ya wadaiwa, na ile rekodi itakutangulia siku unaomba mkopo wa maana au hata kazi kwenye ofisi za fedha. Wale wengine ndo wanawapigia simu watu wako. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za hosteli, saa moja asubuhi, simu ya rafiki yangu wa chumbani ikaita, akaangalia, akanigeuzia kioo bila kusema neno. Meseji ilikuwa na jina langu lote, imeniita mwizi, inamwambia aniambie nilipe. Mchana huohuo ikamfikia mwalimu wangu wa sekondari ambaye namba yake nilikuwa nayo toka kidato cha nne. Nilikuwa nimechelewa siku mbili.

Kwa hiyo ukiamua kwenda huku, angalia kama kampuni ipo kwenye orodha ya msimamizi wa fedha wa nchi yako, mara nyingi hiyo orodha inatolewa wazi. Apu ikiomba ruhusa ya namba zako, picha zako au meseji zako, ikatae, na kama haifanyi kazi bila hizo ifute. Mtu akisema utume kwanza ada ndogo ndo mkopo utoke, huyo hana mkopo, anachukua hiyo ada anapotea. Namba ya siri haiombwi na mkopeshaji yeyote wa kweli.

*Inamfaa* mwenye dharura ya kweli, kiasi kidogo, na hela ya kulipa ambayo tayari ina tarehe iliyo ndani ya muda wa mkopo. *Haimfai* mwenye ada, kodi ya chumba ya miezi mingi, au deni jingine la kuziba.

7. Mkopeshaji wa mtaani na kuweka rehani

Fupi tu. Kuweka rehani kwenye duka lenye kibali kuna uzuri mmoja, ukishindwa unapoteza kile kitu na deni linaishia hapo, hakuna simu kwa mama. Unapewa hela ndogo sana kulinganisha na thamani, na unalipa ndani ya wiki chache. Kama ni laptop unayoandikia ripoti ya mwisho, usiipeleke. Mkopeshaji wa mtaani anayeshika kadi yako ya benki, kitambulisho au cheti cha shule, gharama yake inaweza kupita hata ya apu, mara nyingi hakuna mkataba, na hakuna mtu wa kumlalamikia mambo yakiharibika. Anachowazidi wengine ni kwamba anatoa leo na haulizi kitu. Kwa mwanafunzi sioni hali ambayo ningemwelekeza kwake nikijua njia nyingine hata moja imebaki, ila kitu ambacho sio cha masomo kwenye duka la rehani lenye kibali, hapo namwelewa mtu.

Sasa we uko wapi kati ya hizi?

*Ada ya mwaka mzima au miaka kadhaa, na mwaka wa masomo haujaanza.* Serikali kwanza, benki na mdhamini kama serikali imekunyima na nyumbani kuna kipato cha kubeba. Fanya maombi ya serikali hata kama unadhani hutapata, alafu omba ufadhili usiorudishwa kwa wakati huohuo, hiyo ukiipata hukopi.

*Ada ya semista hii haijatimia, hela ya nyumbani inakuja ila imechelewa.* Chuo kwanza, na barua yenye tarehe. Ndugu kwa kile kipande chuo kilichokataa kusogeza.

*Ugonjwa, au nauli ya msiba, unahitaji leo usiku.* Ndugu na marafiki, hata wanne wakikupa robo robo. Chuo kama kina mfuko wa dharura, uliza hata kwa simu. Apu yenye leseni kama hela ya kulipa unaijua tarehe, na chukua kiasi cha shida tu, wakikuruhusu 20,000 na shida ni 6,000 chukua 6,000.

*Unataka kuanzisha kabiashara ukiwa chuo.* Kikundi. Anza na kiasi ambacho biashara ikifa unaweza kukilipa kwa hela yako ya matumizi. Mkopo wa siku 30 kwa mzigo ambao utauzika miezi mitatu haulingani kwa tarehe, hata bidhaa iwe nzuri vipi.

*Simu mpya, nguo za mahafali, trip na wenzako.* Ungekuwa mdogo wangu ningekuomba usubiri, weka kidogo kidogo kwenye kikundi upokee zamu yako.

*Hujui kabisa hela ya kulipa itatoka wapi.* Usisaini kitu wiki hii. Nenda kwa mlezi wa wanafunzi uulize mambo matatu: kuahirisha mwaka bila kupoteza nafasi kunafanyikaje, kuna kazi za ndani ya chuo, maktaba, maabara, usajili, na kuna mfuko wowote wa wanafunzi wasiojiweza. Kuahirisha mwaka kunauma, nimeona wanaoona aibu kuliko kudaiwa, lakini anayerudi baada ya mwaka anarudi bila deni linalokua.

*Tayari uko kwenye apu tatu na hii ya nne ni ya kulipa ya tatu.* Simama hapo. Chukua karatasi uandike kila deni, kiasi, tarehe, na kila siku linaongezeka ngapi. Futa ruhusa za namba kwenye simu. Wapigie wote kabla ya tarehe uombe kulipa kwa awamu, wenye leseni wengi wanakubali ukianza we, na omba hayo makubaliano kwa meseji. Ile inayokua haraka kuliko zote ndo unailipa kwanza, nyingine unapeleka kidogo kidogo walichokubali. Alafu chagua mtu mmoja nyumbani, yule ambaye huwa hapigi kelele, mpe ile karatasi aisome yote. Mimi nilimpa dada yangu. Alisoma, akanyamaza, akauliza, "hii ya juu ndo inaongezeka kila siku?" nikasema ndiyo, akasema tuanze na hii.